Mke Mwenza Mwenye King'ora

Siku Machano alipokosekana ilikuwa Alhamisi. Alitoka asubuhi kwenda Soko la Kati kununua kizibo cha chupa ya chai. Kizibo cha zamani kilikuwa kimelegea na kinavujisha mvuke, na mume wangu alikuwa mtu asiyesamehe chai vuguvugu. Alikitia mfukoni ili akakilinganishe na kipya, akaniambia, "Usiimimine, narudi sasa hivi." Sikuwa nimeosha vikombe bado, madirisha ya mtaa mzima yakatikisika.

Redio ya Taifa, ambayo haijawahi kukosea, ilitangaza kwamba sokoni kumesikika kelele. Baadaye kelele ikapandishwa cheo, ikawa kishindo. Jioni, magari ya wagonjwa yalipokwisha na maiti wakaanza kupakiwa kwenye magari ya takataka, kishindo kikawa tukio, na hapo kikasimama. Tukio ndilo neno la juu kabisa serikalini kwetu. Juu yake kuna sherehe tu.

Kisha Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Makeke, akatokea kwenye televisheni akiwa amevaa kofia ya chuma, ingawa alikuwa studioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumeshambuliwa. Napenda niwahakikishie kwamba shambulio hili halina sababu. Wataalamu wetu wamelichunguza juu, chini, ndani na nje, na hawakukuta sababu yoyote. Mwananchi atakayeiona sababu mahali popote asiiguse. Atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu naye."

Wauaji nao walikuwa wametuma picha za video za kijana mmoja akieleza kwa nini wamefanya walichofanya. Serikali yetu haifichi kitu, kwa hiyo tulionyeshwa picha hizo zote, isipokuwa sauti ilikuwa imezimwa na mahali pake pamewekwa zumari. Mtangazaji alitufafanulia midomo ya yule kijana.

"Hapo anasema anatuonea wivu uwanja wetu wa mpira. Hapo anasema anachukia namna tunavyocheka."

Kijana alizungumza kwa muda mrefu, na mara nyingi alinyoosha kidole juu angani.

"Hapo," mtangazaji akasema, "anaisifu hali yetu ya hewa."

*

Ni lazima niseme kidogo kuhusu Ng'ambo, maana kuna wasomaji wanaoishi mbali na wana bahati ya kutoijua. Ng'ambo ni nchi iliyo upande wa pili wa ziwa. Wenyewe wana jina lao, lakini ni refu, na sisi hatukuona haja ya kujisumbua. Watu wa huko walikuwa wakigombana wao kwa wao, jambo ambalo hatupendi kuliona kwa watu wengine, kwa hiyo tukapeleka jeshi kwenda kuwatuliza. Iliahidiwa kuwa kazi ya wiki mbili. Mtoto aliyezaliwa wiki ile kwenye mtaa wetu sasa ana meno ya ukubwani.

Kutuliza ni kazi ya ufundi. Barabara ikishatulizwa haipitiki. Kisima kikishatulizwa hakitoi maji. Kijiji kikishatulizwa unaweza kusimama katikati yake ukasikia upepo. Kila kijiji kinapotulizwa tunatangaziwa kwa tarumbeta, na watoto wa shule wanafundishwa jina lake ili wajue ni wapi hawana haja ya kupatafuta kwenye ramani mpya.

Jumapili kabla ya ile Alhamisi, ndege zetu zilituliza harusi. Wizara ilieleza kwamba ukiwa juu sana, watu wanaopiga vigelegele wanafanana kabisa na watu wanaojiandaa kwa vita. Marubani walipewa medali na sisi tulipewa nusu siku ya mapumziko. Machano aliitumia kukaza mguu wa kiti.

Kati ya Jumapili na Alhamisi kuna siku tatu. Tulikatazwa kuzihesabu.

*

Kwetu maiti hafukiwi bila Neno. Jeneza likishateremshwa, aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo hushika donge la udongo na kumuuliza mfiwa mbele ya watu: "Huyu amekufa kwa nini?" Huuliza mara tatu, na mara zote tatu mfiwa hutakiwa kutoa jibu lile lile. Mara ya kwanza mtu hujibu kwa machozi, mara ya pili kwa aibu, mara ya tatu hujibu tu. Majibu yakilingana, donge linaachiwa na watu wote wanafukia. Yakipishana, hakuna mkono unaoshika sepetu.

Hakuna uchawi katika jambo hili. Watu wanataka kujua ni ngazi gani imevunjika kabla hawajaipanda wao. Mke wa Kengewa alisema mbele ya umati, "Amekufa kwa kuanguka kwenye mnazi wa jirani alipokuwa akiiba," na jirani mwenyewe alikuwa pale amevaa kanzu safi, akaitikia kwa kichwa. Bibi mmoja alikufa kwa pweza wa jana. Muuza pweza alikuwepo mazishini, akainamisha uso, na tangu siku ile anauza pweza wa leo.

Tena mjane haingii eda mpaka Neno liwe limesemwa. Kabla ya hapo hana jina. Mke si mke, mjane si mjane, ni mwanamke tu aliyesimama mlangoni na chupa isiyo na kizibo.

Sasa tazama taabu iliyoikuta Serikali. Imevuka njaa mbili na uchaguzi mmoja, lakini ilijua kwamba haiwezi kuvuka jibu moja likirudiwa kwenye makaburi ya mji mzima, mchana kweupe, na watu wanaolia. Kwa hiyo maiti wote walihamishiwa kwenye chumba cha barafu cha Kampuni ya Samaki ya Taifa, na ikatangazwa kwamba hakuna atakayeachiliwa mpaka Neno la familia yake lipitishwe.

*

Kwangu alikuja Bwana Kilindo, Afisa wa Neno wa wilaya. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha Machano.

Nilikuwa na wifi yangu, Bi Njiwa, dada mkubwa wa Machano. Ndiye aliyemlea Machano mama yao alipokufa. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumsimamisha mtu upande wa pili wa barabara.

"Poleni sana, mama zangu," alisema Bwana Kilindo. "Serikali imewaletea sababu."

"Si ilisema hakuna sababu?" aliuliza wifi.

"Hakuna, bibi. Hizi ni za muda."

"Haya, zitoe."

"Zipo tatu. Kuna wivu. Hii inachukuliwa sana, haina masharti. Kuna wazimu. Halafu kuna mtungi wa gesi."

"Mtungi wa gesi?"

"Kwa familia zinazopenda faragha."

Wifi alimtazama kama mtu anayekagua nyanya. "Mwanangu, ungekuwa na duka ungetajirika."

"Ahsante, bibi."

"Hebu nionyeshe huo wivu. Wanatuonea wivu nini?"

"Uhuru wetu."

"Upi?"

Bwana Kilindo akageuka kuutazama mlango. "Bibi, tusifike huko."

Mimi nilikuwa sijasema neno. Shuleni, mpaka kidato cha nne, walimu waliandika kwamba mimi ni mtulivu, zamani hizo neno hilo lilipokuwa bado halijamuua mtu. Nikamwambia, "Bwana Kilindo, mume wangu alikwenda kununua kizibo. Nataka kumzika kwa jibu moja."

"Lipi, mama?"

"Kwamba Jumapili tuliwaulia watu wao harusini, na Alhamisi wakaja kutuulia watu wetu sokoni."

Alikiweka kikombe chini haraka kama kimemuunguza, ingawa chai ilikuwa imepoa.

"Mama! Unawatetea wauaji?"

"Siwatetei. Aliyelitega lile bomu ni muuaji, na hiyo harusi haikumpa ruhusa ya kumgusa Machano, ambaye hakuwahi kupanda ndege hata ya kuchezea. Nikimwona nitamtemea mate. Lakini Neno haliulizi nimchukie nani. Linauliza amekufa kwa nini."

"Basi chukua wazimu," alisema, na nadhani alinihurumia kweli. "Wazimu unamgusa muuaji peke yake. Hauendi mbali."

"Kichaa gani huyo," akauliza wifi, "anayepandwa na wazimu kila mkitoka kutuliza?"

Bwana Kilindo alivaa viatu vyake. Mlangoni aligeuka akasema kwamba mtungi wa gesi unabaki wazi kwetu mpaka mwisho wa mwezi.

*

Wafiwa ambao walikuwa hawajachagua tuliitwa kwenye Semina Elekezi. Ukumbi ulipambwa kwa maputo, kwa kuwa siku iliyotangulia kulikuwa na kampeni na hakuna aliyekumbuka kuyaondoa. Tulipewa soda na andazi. Akasimama Profesa kutoka Chuo cha Utulivu, mtu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kututazamia sisi.

"Watu wasiosoma," alianza, "hudhani kwamba kinachotangulia ndicho kinacholeta kinachofuata. Huo ni ushamba. Bomu la sokoni ndilo lililotupeleka Ng'ambo."

Wifi akanyoosha mkono. "Mwanangu, bomu ni la juzi. Askari walikwenda kule nikiwa na meno yangu yote."

"Huo ndio unaitwa mkakati, bibi. Tulikwenda mapema kulizuia."

"Mbona limelipuka?"

"Je, tusingekwenda, yangelipuka mangapi?"

Ukumbini hakuna aliyejua kuhesabu mabomu ambayo hayakuja. Profesa alijua. Aliandika ubaoni namba ndefu yenye sifuri nyingi, akaipigia mstari, akasema yote hayo ni mafanikio.

Alisimama baba mmoja aliyefiwa na binti. Alikuwa bado ameshika andazi lake, hajalila. "Profesa, naomba kueleweshwa. Kama kutuliza kule hakuleti mabomu huku, basi tukiacha kutuliza hatutapungukiwa kitu. Kwa nini tusijaribu hata wiki moja tuone?"

"Hatuwezi kuwapa magaidi wanachokitaka."

"Kumbe kuna wanachokitaka?"

"Hawataki chochote," alisema Profesa. "Ndiyo maana hatuwezi kuwapa."

Yule baba alibaki amesimama, anaonekana kulirudia jibu hilo kichwani kutafuta mlango wa kuingilia. Vijana wawili walikuja kumchukua, wakasema anakwenda kuongezewa soda. Hakurudi, na andazi lake lilibaki juu ya kiti mpaka mwisho.

Profesa alivaa miwani ya kututazamia, akashusha sauti. "Ndugu zangu wafiwa, aliyepigwa akiuliza amepigwa kwa nini, anamalizia kazi ya aliyempiga."

Makofi yalianzia safu ya nyuma, karibu na mlango, walikokaa watu ambao hawakufiwa na mtu.

"Umeelewa?" nilimuuliza wifi tulipokuwa tukitoka.

"Nimeelewa kwamba mdogo wangu alikuwa na bahati," alisema. "Bomu lilimaliza mara moja."

*

Familia zilikubali moja baada ya nyingine. Siwalaumu. Kwenye kile chumba cha barafu umeme ulikuwa unakatika, na mama hawezi kulala akifikiria mtoto wake amelazwa katikati ya sangara. Karibu wote walichukua wivu. Nilikwenda kwenye mazishi mengi wiki zile. Mfiwa alijibu "wivu" mara tatu, akitazama viatu vyake, na watu wakafukia upesi upesi kama wanaoficha kitu. Mtaa wetu peke yake ulizika wivu wanne na mtungi wa gesi mmoja.

Mwishowe Machano alibaki peke yake na samaki.

Hapo ndipo Serikali ilipoanza kuwa na haraka. Siku ya Ushindi ilikuwa inakaribia, siku tunayoadhimisha kuishinda Ng'ambo, ambayo huadhimishwa kila mwaka kwa kuwa kila mwaka inabidi tuishinde tena. Wageni wa heshima walikuwa wanakuja, kamba wa karamu yao walikuwa wamekwishaagizwa, na mahali pa kuwahifadhi palikuwa na mume wangu.

Bunge likakaa. Kabla ya chakula cha mchana lilikuwa limepitisha Sheria ya Msiba wa Taifa. Bwana Kilindo alikuja kutuletea habari akiwa anatabasamu.

"Mama, umepumzishwa. Kwa mujibu wa sheria mpya, katika tukio la kitaifa mfiwa ni Serikali. Kuanzia leo mjane wa marehemu ni Serikali, ikiwakilishwa na Mheshimiwa Makeke. Neno atalisema yeye."

Wifi alicheka mpaka akashika dirisha. Tangu ile Alhamisi nilikuwa sijamsikia akicheka.

"Mwanamvua!" aliniita kwa jina, akifuta macho. "Mwenzangu, kumbe ulikuwa na mke mwenza! Tena mwenye king'ora!"

"Bibi, hili si jambo la mzaha," alisema Bwana Kilindo.

"Sifanyi mzaha, nauliza. Eda atakaa yeye? Maana mjane wetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi. Haendi kwenye mikutano. Hasimami kuzungumza na wanaume."

"Mheshimiwa ana majukumu, bibi."

"Miezi minne na siku kumi," wifi alisema taratibu, kama anayeionja asali, "Waziri wa Utulivu ametulia. Mwanangu, sheria hii ni nzuri. Msije mkaifuta."

*

Mjane alifika makaburini na magari manane. Kofia ya chuma ilikuwa imefungwa utepe mweusi. Chungu ya udongo ilikuwa imefunikwa zulia la kijani ili isichafue picha, na mimi niliwekwa nyuma ya kamba pamoja na wananchi, kwa kuwa sikuwa ndugu tena.

Jeneza lilinuka samaki. Mheshimiwa alitoa leso akajifuta puani, na mtangazaji akasema kwa sauti ya chini kwamba Waziri amezidiwa na uchungu.

Watu wa itifaki walitaka maswali yarukwe. Lakini kamera zilikuwa hewani moja kwa moja, na Mheshimiwa anapenda sana kuulizwa maswali ambayo majibu yake anayo. Akaagiza mila ifuatwe. Mila ikamtoa wifi Njiwa kwenye kamba, mkubwa wa ukoo, akiwa na donge la udongo mkononi.

Hapa niseme jambo moja kuhusu wakubwa wetu. Wao hawarudii jibu. Kurudia jibu ni dalili kwamba mtu hana wasaidizi wa kutosha. Kwa hiyo Wizara ilimwandikia jibu la kwanza, Chuo kikamwandikia la pili, Jeshi likamwandikia la tatu, na kila ofisi ilijitahidi lake liwe bora kuliko ya wenzake. Katika watu wote wale waliosoma, hakuna aliyewahi kuulizwa maswali hayo akiwa amefiwa.

"Huyu amekufa kwa nini?" aliuliza wifi.

"Amekufa kwa ajili ya uhuru wetu mtukufu, ambao maadui wanauonea wivu!"

Makofi kutoka magari manane.

"Huyu amekufa kwa nini?"

"Swali zuri sana, mama. Amekufa bila sababu yoyote. Narudia: yoyote!"

Makofi kutoka magari kama matatu hivi. Wananchi walikuwa wameanza kutazamana. Wifi alisogea hatua moja, na safari hii hakupaza sauti. Aliuliza kama unavyomuuliza mtoto aliyekuja nyumbani na damu.

"Huyu amekufa kwa nini?"

Mheshimiwa alijaza kifua pumzi. "Amekufa ili vijana wetu wabaki Ng'ambo, wakatulize mara mbili zaidi, mpaka kifo chake kilipiwe kisasi!"

Hakuna aliyepiga makofi. Wifi alilitazama donge la udongo, akatutazama sisi.

"Yamepishana," alisema.

Wananchi hawakujongea. Mheshimiwa akasubiri. Akatazama saa. Akawaambia askari wake wachukue masepetu wafukie. Askari walichukua masepetu, kisha wakabaki wameyashika tu, kama mtu aliyeachiwa mzigo na mgeni aliyeingia chooni.

"Nimesema fukieni!"

"Mkuu," alisema mmoja wao, mtu wa makamo mwenye kovu la shavuni, "yamepishana."

Mheshimiwa Makeke ni kiongozi wa maamuzi. Alitangaza papo hapo kwamba mazishi yamefanikiwa kwa asilimia tisini, akapanda gari, na ving'ora vikaondoka naye. Zulia la kijani walilichukua.

Kaburi lilikuwa wazi. Wifi aligeuka, akanitafuta kwa macho nyuma ya kamba. Nikainua kamba nikapita. Mpiga picha wa televisheni aliniona ninavyokuja, akajua kazi yake imo hatarini, akageuza kamera ikatazama mwarobaini uliokuwa pembeni. Hakuizima.

"Huyu amekufa kwa nini?"

"Alikwenda sokoni kununua kizibo. Ameuawa na watu ambao tuliwaulia watu wao harusini."

Akauliza tena. Nikajibu vile vile. Mara ya tatu sikuwa na machozi wala aibu, nilijibu tu, na sauti yangu ilisikika kwenye kila nyumba yenye televisheni, huku watu wakiutazama mwarobaini.

Wifi akaliachia donge. Wa kwanza kufukia alikuwa yule askari mwenye kovu.

*

Jioni ile mwarobaini ulirudiwa kwenye taarifa ya habari, ukiwa umewekewa zumari. "Hapo," mtangazaji alifafanua, "mjane wa zamani anaishukuru Serikali."

Nilishtakiwa kwa kumiliki sababu bila kibali. Hakimu alisema magereza yamejaa, maana wafiwa wengi nao walikuwa wameanza kukumbuka majibu yao, akanihukumu nisitoke nyumbani kwangu kwa miezi minne. Wifi alisimama mahakamani akamshukuru kwa unyenyekevu, akaomba aongeze siku kumi. Hakimu, ambaye hakutaka kuonekana ana huruma, akaziongeza. Hivyo ndivyo nilivyokaa eda yangu, kwa amri ya Serikali na kwa gharama yake, na askari mlangoni wa kuwazuia wanaume.

Mheshimiwa Makeke amepandishwa. Sasa ni Waziri wa Utulivu na Wafiwa. Bwana Kilindo amehamishiwa Kampuni ya Samaki, upande wa kamba. Neno limepigwa marufuku nchi nzima. Makaburini sasa kuna kipaza sauti kinachojiuliza chenyewe na kujijibu chenyewe, mara moja tu, ili yasipishane. Wiki iliyopita kikosi kingine kiliondoka kwenda Ng'ambo, na juzi, Jumapili, ilitangazwa kwa tarumbeta kwamba ndege zetu zimetuliza mashine ya kusaga nafaka na watu waliokuwa kwenye foleni.

Leo ni siku mbili kabla ya Alhamisi. Asubuhi wifi alivaa ushungi, akaichukua ile chupa ya chai mezani, akaitia kwapani mdomo wazi.

"Naipeleka yenyewe," alisema. "Kizibo cha kukisia hakitaingia."

"Kesho basi, wifi."

"Kesho nayo utasema kesho." Akasimama mlangoni, mguu mmoja nje ya kizingiti. "Nikikosekana, langu ni lile lile la Machano. Usije ukaniwekea mtungi wa gesi."

"Sawa, wifi."

Soko la Kati limefunguliwa tena. Siku hizi kila anayekwenda huko humwachia mtu wa nyumbani jibu lake kabla ya kutoka.